Swali la Kumi na Moja

Dodoso limetoka makao makuu ya mkoa, kurasa nne,
limepita kwenye faksi likafika limepinda.
Swali la kumi na moja: Katika mlipuko huu,
unajiamini kwa kiasi gani kazini?
Zungushia duara. Moja, hata kidogo. Tano, kabisa.

Mimi ni Tamie Kuroiwa, muuguzi wa afya ya jamii,
kituo cha Onagi, theluji imefika nusu ya dirisha.
Miaka kumi na tisa nimepima watoto uzito,
nimewasihi wazee wapunguze figili za chumvi na moshi,
wakaniinamia kwa heshima, wakaenda kuzila.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najiamini.

Sasa ni simu.
Mwenye duka la tambi: "Ukilitaja duka langu, umenizika."
Sikulitaja. Ila niliandika wote waliokula pale Jumanne,
watu kumi na wanne, nani ubavuni mwa nani,
na kama mlango ulikuwa wazi.
Ulikuwa umefungwa. Ni Januari, ungekuwaje wazi?

Mwanamke mmoja hakutaka kusema Jumamosi alilala wapi.
Nikanyamaza.
Nikasikia birika likichemka jikoni kwake,
likachemka mpaka nalo likachoka.
Ndipo akasema. Nikaandika nusu ya maneno yake,
ile nusu inayouhusu ugonjwa.
Nusu nyingine ninayo, na sitaiweka popote.

Kisha mzee Ginzo, miaka themanini na saba, peke yake,
kidoleni kile kipimo tulichomtumia kwa posta.
Tisini na moja. Tisini. Themanini na nane.
Nilipigia hospitali saba. Ya nane ikasema, subiri.
Nikamwambia kitanda kinatafutwa, kwa sauti laini,
ile niitumiayo nisipojua.
"Binti, una hakika?"
"Nina hakika."

Basi andikeni: saa tano na dakika ishirini usiku, tano.
Saa tano na dakika ishirini na moja,
chooni, bomba nimelifungulia nisisikike:
moja.

Kuna kipande cha sabuni kwenye sinki letu.
Jikaze kisabuni, Tamie, hujiambia nikinawa,
na leo nikaitazama yenyewe hiyo sabuni:
imekonda, unene wa ukucha, imeingia ufa katikati.
Nikaisugua.
Povu likatoka vilevile.

Meza ya pili anakaa Honoka, ana miezi tisa kazini.
Mwanzoni alikuwa akiniiga mpaka kikohozi changu cha kusafisha koo.
Jana mama mmoja alimfokea, mtoto ananyonya, nifanye nini, sema!
Nikauona mkono wake ukitetemeka juu ya kalamu.
Nikangoja aseme nina hakika.
Akasema, "Sijui. Nitauliza. Nitakupigia kabla ya saa nane."
Nikafumba macho kwa aibu, yake au yangu, sijui.
Saa saba na nusu akapiga.
Yule mama, aliyekuwa akifoka, akamuuliza jina lake,
akamuuliza linaandikwaje.

Mzee Ginzo alichukuliwa saa saba za usiku ule,
mwendo wa saa mbili, barabara imekwanguliwa upande mmoja tu.
Sijapata habari zake. Nimepiga mara mbili.
Nitapiga kesho.

Nimerudi kwenye swali. Kalamu imeganda wino,
nimeipasha moto kwenye kiganja.
Nimezungushia mbili, nikazungushia na nne,
duara mbili zimegusana kama miwani,
na chini yake nimeandika: inategemea nani yuko upande wa pili wa simu,
na kama tutampigia tena.

Faksi imelimeza, ikanguruma, ikatoa kipande cha karatasi.
Ukurasa wa tatu haukusomeka.
Tafadhali tuma tena.