Hesabu za Mwaka, Ngamiani

Usiku kucha niliisomea cherehani taarifa yangu,
nayo ikanisikiliza, haina maswali.
Asubuhi, ukumbi wa shule, Barabara ya Kumi na Nne:
viti vya plastiki arobaini,
kila kimoja na macho yake mawili.

"Mweka hazina, Bi Mwanakheri Shemdoe."

Magoti yakaanza ngoma yao ndani ya kanga.
Ulimi ukakauka kama katani juani.
Nikashika maikrofoni. Ikakoroma, ikafa.
Umeme umekatika!
Nikashukuru moyoni, nikageuka nikakae.

"Hatusikii!" akapaza Hizza, fundi baiskeli,
nami hata sijasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka nao,
na kicheko kikafungua mlango kooni;
ikatoka ile sauti ninayomwitia mwanangu
toka ng'ambo ya barabara, wali umeshaiva,
anajifanya hajui jina lake:

"Tulianza mwaka na laki sita na elfu kumi!"

Karatasi ilitetemeka mpaka ukurasa wa pili.
Iache itetemeke, nikasema,
mimi ninasoma.

Nilipofika kwenye mikopo isiyolipwa
nikainua macho, nikamtazama Hizza.

Safari hii alisikia.