Mtoto wa Ngazi

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na kazi moja: kupanda.

Kikapu siku zile kilikuwa kikapu kweli,
cha kuchumia matufaha, kimepigiliwa ukutani,
kitako chake kizima.
Mpira ukitumbukia ulitulia humo kama yai kiotani,
na wanaume kumi wakasimama wakihema,
mikono viunoni,
wakinisubiri mimi.

Ngazi aliichonga baba, mchochea tanuri la chuo.
Vipago kumi na vitatu.
Yeye alisema ni kumi na viwili
na kipande.

Chuo cha Haldsberg, Minesota:
wanafunzi tisini, ng'ombe arobaini, kengele yenye ufa.
Tulicheza chini ya maktaba, penye nguzo mbili
katikati kabisa ya uwanja.
Wetu walizizunguka gizani kama mtu na samani za kwao.
Wageni walizigonga kwa kifua.

Ansgar Lillehaug, mrefu hata akiingia kanisani
aliinama kabla Mungu hajatajwa.
Peder Tveit, mwana wa mwoka mikate,
vidole vina makovu ya tanuri,
ndiye aliyerusha mipira yote ya adhabu.
Mapacha wa Brekke: refa hakuwahi kuwatofautisha,
Torger akabebeshwa makosa ya Tarald msimu mzima
wala hakulalamika, kwani ya kwake aliyabeba Tarald.
Na Sigvald, ambaye simkumbuki sura,
nakumbuka soksi zake tu, kijani,
kwa kuwa nilimwona zaidi nikiwa nainamia ngazi.

Mwalimu Fjelstad alifundisha Kigiriki.
Kanuni za mchezo alizisoma kwenye kijitabu,
kidole kikifuata mstari,
na palipokuwa na shaka alikohoa.

Tulishinda kumi na moja kwa tisa.
Kumi na sita kwa nane.
Mara moja sita kwa tano, mchezo mrefu kama mahubiri.
Nje theluji ilifika madirishani,
ndani jasho lilitiririka kwenye vioo,
na kila bao la Haldsberg, kila moja,
lilipita mikononi mwangu.
Nilijua uzito wake. Ngozi yenye unyevu,
kamba za mshono zikikwaruza kiganja.
Nilijua pia kimya cha kule juu,
utosi wa kila mtu, upara mdogo wa refa,
kabla sijaurusha mpira chini
nao wakaanza tena katikati, kana kwamba
hakuna lililotokea.

Machi tukaenda Duluth kugombea ubingwa.
Kondakta alidai nauli ya ngazi.
Ansgar akavua kofia, akaipitisha behewani:
senti sitini na mbili, na kifungo cha shati.

Ukumbi ule ulikuwa na taa za umeme
na uzio wa waya kama banda la kuku.
Nikaingia, ngazi begani.
Watu wakacheka; sikujua kwa nini
hadi nilipotazama juu.
Chuma cha duara. Wavu. Chini, uwazi.

Mpira uliingia ukatoka wenyewe.
Uliingia ukatoka.
Nilikaa juu ya ngazi yangu iliyolazwa sakafuni
nikahesabu mabao kwa macho, kama mtu yeyote.
Kumi na nane kwa kumi na nane.
Peder akasimama mstarini, akapuliza vidole
kama anayetoa mkate.
Ule mpira nauona hadi leo ukipita wavuni,
ukianguka, ukidunda mara tatu,
na hapana aliyeuokota,
maana wote walikuwa wamekumbatiana.

Mpanda ngazi hushuka. Sikuambiwa
kuna siku atashuka bila kupanda.

Jumatatu baba akaleta msumeno.
Akakata vitako vya vikapu vyote viwili;
vumbi la matufaha ya zamani likamwangukia nyusi.
Ngazi ikarudi bustanini.

Picha ya mabingwa bado imetundikwa maktaba.
Watano, mwalimu katikati amefumba macho,
mpira umeandikwa mwaka kwa chokaa.
Ukingoni, upande wa kushoto, pale fremu inapokatia,
kuna miguu miwili ya ngazi
na vidole vinne vimeishika.