Kata

Jumamosi saa kumi, ghala la korosho halina korosho.
Mizani imefunikwa turubai,
sakafu imefagiwa na watoto kumi na wanne,
baba mmoja na mama wawili,
mmoja ni mimi.

Viatu tunavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje:
raba, yeboyebo, kandambili iliyoungwa kwa msumari.
Sensei Likwata siku nyingine ni fundi cherehani.
Sare katushonea mwenyewe, kwa marekani,
yangu kaipanua nyongani bila kuniuliza,
na mtandio nimeubana kwa pini tatu.

Mwanangu Somoe ana mkanda wa njano.
Mimi mweupe, bado unanukia duka.
Humu mstari hupangwa kwa mikanda,
si kwa miaka, wala kwa nani kamzaa nani,
kwa hiyo nasimama kushotoni kwa mtoto wangu,
na tukiambiwa tuinamiane
mimi ndiye ninayeinama zaidi.
Shikamoo yake kaiacha mlangoni pamoja na kandambili.
Tukitoka ataivaa.

"Ichi," Sensei anahesabu. "Ni."
Ni nini? nilimnong'oneza Somoe siku ya kwanza.
"Ni mbili, mama."
Haya. Nikapiga mbili.

Ngumi yangu ilikuwa imelala.
Kidole gumba nilikifungia ndani
kama noti ya elfu kumi siku ya gulio.
Somoe akanifungua kiganja, kidole baada ya kidole,
vile nilivyomfungua yeye alipokamata wembe.
"Gumba nje. Utalivunja."

Wiki ya tano Sensei akasema: leo tunaanza kata.

Neno hilo nilikuja nalo kutoka nyumbani.
Kata ndiko aliko mtendaji, na muhuri wake, na foleni yake.
Kata ni kifuu chenye mpini, kinachogonga tumbo la mtungi
maji yakiisha.
Kata kuni. Kata shauri. Usikate tamaa.
Na kata ni ile pete ya kanga kuukuu
niliyoisokota alfajiri nikaiweka utosini,
tangu sijaota ziwa hadi naposwa,
tukishuka bondeni watupu, tukipanda na ndoo,
maana Newala iko juu na maji yalikuwa chini,
na mlima haumjui mtoto wa mtu.

Yake Sensei ni nyingine.
Geuka kushoto, kinga chini, songa, piga.
Geuka nyuma. Hatua ishirini na kidogo
na unarudi palepale ulipoanzia,
kama umetumwa chumvi ukasahau.
Mimi kwenye kona ya pili niligeukia pasipo,
nikajikuta pua kwa pua na Somoe.
Ghala zima likacheka. Mama mkwe, aliyeketi juu ya magunia
akimshika mjukuu mdogo, akacheka kuliko ghala.

"Simameni," Sensei akasema.
"Mama Somoe, rudia. Ukosee vilevile."
Nikarudia, nikakosea.
"Miguu msiiangalie. Tazameni kichwa."
Wao vichwa vyao vinapanda na kushuka kama kuku anayedonoa.
Changu, kumbe, kinakwenda kimesawazika
kama kimepimwa kwa pima-maji.
"Umejifunza wapi?"

Ningemwambia nini?
Kwamba kila tone lililomwagika njiani liliulizwa nyumbani?
Nikasema, "Ndoo, Sensei."
Naye, mtoto wa Kitangari, akanyamaza,
kisha akaniinamia. Kidogo. Lakini mkanda mweusi ni mweusi.

Jioni hiyo Somoe alitoa kanga yangu sandukuni.
Bomba lilifika uani kabla hajaota meno,
hajabeba hata jagi.
Nikamsokotea kata, nikamtwika ndoo ndogo, nusu tu.
"Magoti yalegee. Shingo isijue kitu.
Ichi," nikasema.
Akasonga.
"Ni."

Maji yote yakamshukia mgongoni
akapiga ukelele
ambao Sensei amekuwa akiudai kwake tangu Januari.