Miguu Yangu, Mali Yao

Barua ya mashine haina salamu.
"Sauti iliyomo kwenye video hii, dakika ya pili,
ina mwenyewe." Basi.
Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.
Mwenyewe? Hizo ni nyayo zangu.

Nilizitembea mwaka wa themanini na tatu, Burbank,
katika chumba kisicho na dirisha,
nimevaa viatu vya kisigino vilivyonibana,
kwa sababu mwigizaji alipigwa picha barabarani
na upepo ukala kila kishindo chake.
Yeye alitoa uso. Mimi nilitoa miguu.
Theluji aliyoikanyaga ni wanga wa mahindi
ndani ya mfuko wa ngozi; shingo iliyovunjika
ni karoti iliyoviringishwa kwenye taulo bichi.
Ukisikia vyatembea, ujue vimeundwa.

Sasa nina miaka sabini na minne, goti moja la chuma,
na kijana wa jirani, Vahe, aliyenifungulia chaneli.
Watu mia mbili na kumi na tisa hunitazama
nikieleza kazi ambayo ikifanywa vizuri haijulikani kama ilifanywa.
Mashine imeitambua miguu yangu.
Mimi haikunitambua.

Nilibeba hasira yangu hadi maktaba ya Glendale,
kwa Bi. Lorena Castellanos, aliyesomea sheria
akaiacha, akapenda vitabu.
Nikamwambia: nimeibiwa nyayo.
Akaniuliza: ulilipwa?
Nililipwa. Kila Ijumaa, kwa hundi.
"Basi uliziuza, Araksi. Kuzitembea si kuzimiliki.
Tuanze upya: umezichukua uzifanyie nini?"

Nionyeshe, nikasema, jinsi kisigino kinavyotangulia
mtu anapodanganya, na ncha ya kiatu anapoogopa.
Akatabasamu. "Hiyo ni hoja.
Na hizi dakika tatu ni za nini?"

Dakika tatu.
Hapo nikatazama sakafu.
Nyayo ni sekunde kumi na moja;
zilizobaki ni vinanda, mvua, machozi, busu.
Niliziacha kwa kuwa ni nzuri,
kwa kuwa, na niseme kweli, nilitaka watu wasiondoke.
"Nimeishukuru kampuni mwishoni," nikajitetea.
"Kumshukuru mwenye asali si kupewa buyu.
Na chovyachovya..."
Hakumalizia. Hiyo hujimalizia yenyewe.

Nilidhani kuna kipimo: sekunde kumi, thelathini,
kama chumvi ya mapishi. Hakuna, akasema.
Kuna maswali, na jinsi hakimu atakavyoyapima.
Yupo atakayetazama video yako
akasema, ya nini tena kuinunua filamu?
Umeongeza kitu, au umehamisha tu?
Matumizi ya haki si koti unalolivaa ukitoka nyumbani.
Ni jibu unaloliandaa kabla hujaulizwa,
na bado waweza kushindwa.

Nikarudi, nikakata.
Lile busu liliniuma kulikata.
Nikabakiza sekunde kumi na moja, nikazisimamisha mara nne,
kila kituo nikisema: hapa, sikia hapa,
uzito umehama; mwanamke huyu harudi kwake.
Vahe akashangaa: Bibi, si urekodi nyayo mpya, yaishe?
Ubao ninao, jikoni, nyuma ya friji. Ningeweza.
Lakini ushahidi hauigizwi.

Pingamizi limekwenda. Siku thelathini, wamesema.
Leo ni ya ishirini na sita.

Usingizi umenikataa. Nimekivaa kile kiatu, kimoja tu,
mguu wenye goti zima,
nimepanda juu ya ubao:
ko.
Ko.
Hakuna anayerekodi.
Hizi, nadhani, ni zangu.