Vioo Viwili vya Bohdana

Paa la ghorofa ya tisa, Ostrava, Februari.
Bohdana kavaa makoti mawili,
na mkononi ana vichujio viwili
visivyozidi vifuniko vya chupa.

Cha kwanza mkarimu: hupitisha yote,
nuru ya galaksi na ya taa za stesheni,
hata nyota za buluu
huumuka pembeni kama maandazi.
Cha pili bahili. Hukata njano ya barabara,
na hukata kidogo cha kule mbali pia;
pumba haitoki bila punje za mchele.

Miaka sita bahili alitawala.
Kisha manispaa ikabadili taa,
zikaja nyeupe, za bei nafuu,
zinazosema kwa rangi zote.
Maji yameshaingia maziwani:
achuje nini?

Anamfunga mkarimu, nyuzi zinakwaruza baridi.
Sekunde sitini. Sekunde sitini tena.
Kidole gumba hakina habari.

Saa nane na robo, ng'ambo ya ua,
Radim muuguzi amerudi zamu,
amekula kwa kusimama,
amezima taa ya jikoni.

Picha ya arobaini na moja
ina mkono mwembamba wa galaksi.
Ya arobaini haikuwa nao.