Upande wa Pili wa Karatasi

Ukumbi wa kanisa unanukia kahawa na nta ya sakafu.
Foleni imefika kwenye piano.
Bibi Maydell, aliyenifundisha hesabu za kugawanya,
ananikabidhi karatasi ndefu kama shuka ya mtoto
na kalamu iliyofungwa kwa uzi,
utadhani tumekuja Alabama nzima kuiba wino.

Juu kabisa, viduara vya wavivu:
jaza cha chama cha tembo, umewachagua tembo wote;
jaza cha punda, punda wote wamepita,
kuanzia gavana hadi mpima maiti,
nawe ufike nyumbani maharage hayajashika chungu.
Kwetu ni kwa punda. Baba mkwe alizikwa
na kadi ya wachimbaji mfukoni mwa shati.
Miaka arobaini sijageuza karatasi.

Leo nimegeuza.

*Mahakama ya Rufaa ya Madai, Kiti cha Tatu.*
Hollis Vandiver. Chini ya jina, chama chake,
kama chapa kwenye paja la ng'ombe.

Huyu namjua.
Walio nyuma yangu wanajua bango lake la barabarani
na lile tangazo la televisheni: kavaa buti,
bunduki begani, mbwa wa kuwinda mguuni,
akiapa kuulinda mpaka.
Mpaka upi, Hollis?
Mezani kwako huja talaka, fidia, na fensi za majirani.
Na yale maandishi madogo mwishoni,
yaliyopita mbio kama panya jikoni,
yalimtaja aliyelipia: watu wa bima.

Mimi namjua kwa kurasa kumi na moja.
Zilikuja kwa posta, Februari, mvua ya barafu dirishani,
Euell wangu ana miezi minane kaburini,
mapafu meusi kama makaa aliyoyachimba.
Mawakili wa mgodi walikosea jina lake mwanzo hadi mwisho.
Vandiver aliliandika sawasawa, L mbili,
akaandika na ngazi alizoshindwa kupanda,
na kwamba alikuwa akilala ameketi,
jambo nililolisema mara moja tu
mbele ya karani aliyekuwa akipiga miayo.
Kumbe kuna mtu alisoma.

Kisha akaninyima.

"Notisi ilichelewa siku sita. Fundo hili
lilifungwa na bunge; bunge ndilo la kulifungua."
Wenzake wanne wakatia saini, kimya.
Nilimchukia usiku kucha.
Asubuhi nikamsoma tena.

Sasa nipo hapa, uzi wa kalamu umenizunguka kidole.
Mpinzani wake, Renata Goodloe, ni wa kwetu.
Sijawahi hata kuisikia sauti yake.
Labda angelifungua fundo kwa meno.
Labda asingesoma.
Nani hupima mizani kwa rangi ya kamba inayoining'iniza?
Sisi. Mimi, miaka arobaini.
Nikimpa Vandiver, nimewapa na walioinunua ile bunduki.
Nikimnyima, namnyima mgeni pekee
aliyewahi kukaa, kwenye karatasi, kando ya kitanda chetu.

Nyuma yangu mtu anakohoa.
Si kikohozi cha Euell. Ni mafua tu.

Nilijaza. Kipi, sisemi;
hata Mungu nimemwambia kwa mafumbo.
Mashine ikaimeza karatasi, ikaguna,
Bibi Maydell akanibandika kibandiko kifuani
kama nilivyokuwa na miaka tisa.

Usiku redio ikatangaza: tembo wamelibeba jimbo.
Gavana alipewa saa nzima na bendi.
Vandiver kapita kwa asilimia sitini na tatu;
jina lake lilidumu kama mtu anavyopenga kamasi,
kisha wakaingia kwenye mpira.

Nikampigia simu shemeji yangu Thurl,
ambaye wiki ijayo anakata rufaa juu ya mguu wake.
"Jaji umemchagua yupi?"
Nikasikia anatafuna.
"Jaji?" akasema. "Kwani walikuwemo majaji?"