Daftari la Alama

Mimi nilikuwa mwandishi wa alama.
Nilikaa mezani, penseli moja, kifutio nusu,
na yote yaliyotokea kwenye ule uwanja wa chuo, Malimbe,
yamo humu, kwa mwandiko wangu mbaya.

Nkwabi Masalu, jezi namba kumi na moja:
pointi arobaini na moja, Jumamosi ya manyunyu,
dhidi ya wale wa Dodoma waliokuja na basi lenye mapazia.
Mtupo wa mwisho aliurusha pembeni mwa meza yangu,
nikanusa dawa ya kuchua mabegani mwake,
halafu kile kimya cha mpira ukiwa bado angani,
halafu nyavu: chwaa.
Sikuandika. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti.
Pointi hizo tatu niliziongeza Jumatatu, mnisamehe.

Mcheza kwao hutunzwa.
Tulimtunza: soda mbili na chipsi mayai.

Kocha Lukumbuzya alisema, huyu ni wa Misri.
Muuza karanga akasema, Marekani.
Mama yake, kule Magu, akasema,
ng'wanawane, shahada kwanza.
Ikaja barua moja, timu ya benki, Dar es Salaam:
aje kwenye majaribio, nauli juu yake.
Akauza godoro.
Alirudi na fulana, jozi ya soksi
na neno "tutakupigia."
Simu amebadilisha mara sita tangu siku ile.
Laini ni ileile.

Lakini hasa, hasa alikuwa Nyanjige.
Ribaundi kumi na tisa katika mchezo mmoja,
na mimba ya miezi mitatu, siri yetu wawili,
maana mimi ndiye niliyemshikia mkoba
alipokuwa akitapika nyuma ya bafu.
Yeye hakuna barua iliyomkosa;
hapakuwa na wa kuiandika.
Leo yuko Bugando, dirisha la dawa,
anafikia rafu ya juu bila ngazi.
Ukimtajia kikapu atakuambia,
kaka, foleni ndefu, cheti chako kiko wapi?

Majura, yule wa mkono wa kushoto,
goti lake lililia nikalisikia mezani
kama ukuni mkavu.
Anauza nyavu Kirumba.
Macho ya wavu anayapima kwa vidole, hakosei.

Na Nkwabi yuko kiwanda cha minofu,
buti nyeupe, kofia ya nailoni.
Mabondo ya sangara anayarusha kwenye kreti,
hatua nane, bila kuangalia.
Msimamizi alimwandikia onyo.
Ndiyo barua yake ya pili maishani.

Jumapili tulikutana Mirongo.
Ringi imekaa uchi miaka,
basi Majura akaja na kipande cha wavu, inchi sita,
Nkwabi akapanda kreti la bia akakifunga.
Watoto walikuwa wanatazama.
Mmoja akauliza, mzee, na wewe ulikuwa unacheza?
Kidogo, akasema.
Akadunda mara mbili. Tumbo likadunda nalo.
Nikakiona tena kile kiwiko, kilivyokaa,
na bila kujua nikawa nimesimama.

Mpira uliingia. Ukakataa kutoka.
Majura aliukaza mno wavu wake,
mpira ukaning'inia pale juu kama sangara wa kilo kumi,
watoto wakacheka hadi wakakaa chini,
Nkwabi akaruka kuutoa,
vidole vikapungukiwa kiasi cha kiganja.
Akaruka tena.
Mwishowe tuliazima ufagio kwa mama wa mihogo.

Nyumbani nimelifungua daftari, ukurasa wa mwisho.
Kanuni naikumbuka, tulifundishwa na refa mmoja mkali:
mpira ukiingia kwa juu ukabaki ndani,
umehesabika.

Masalu, kumi na moja. Mbili.
Nimeandika kwa wino.